Makopo Manane Kila Asubuhi

Shikamoo Baba.

Hii ni ile shikamoo ya siku ya wageni. Ulisimama kwenye kona ya shamba, kofia mkononi, ukaingoja. Nikakupita na kusema, "Habari za leo, mzee." Ukajibu, "Nzuri, bibi shamba," kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuniona. Wageni wakatabasamu. Hakuna aliyejua kwamba mzee huyo ndiye aliyenibeba mgongoni hadi zahanati nilipougua surua, na kwamba hilo jina la bibi shamba alinipa mwenyewe nikiwa darasa la pili, aliponikuta napima miche ya nyanya kwa rula ya shule.

Leo ni Jumapili, wiki ya tano tangu tukuzike. Nimekaa kwenye kigoda chako nje ya jiko. Wifi Leokadia anamenya ndizi na kunitupia jicho, nadhani anajua namwandikia nani. Kaka Deusi hajarudi kutoka kanisani. Mvua bado, ila mawingu yameanza kujikusanya upande wa Burundi na majirani wanalima. Ungekuwepo ungekuwa umeshamaliza zamani, sasa unapita kwa watu kuwacheka.

Ulikuwa hupendi nianze habari katikati. Ulikuwa unanirudisha: "Anzia mwanzo, mwana wanje," yaani mwanangu. Basi naanzia mwanzo, na mwanzo wenyewe ni mimi.

Mradi ulipokuja kufanya utafiti wa umwagiliaji wa matone, ofisi ilifunguliwa Biharamulo, nami nikaajiriwa kusimamia mashamba ya majaribio. Tulitafuta wakulima Runazi, tukatafuta Nyabusozi, na tukataka mmoja wa huku Bugarama, Ngara. Ukanipigia simu: "Niandike na mimi. Kisima ninacho, nguvu bado ninazo." Nikakwambia utaratibu haumruhusu ndugu wa mtumishi. Ukacheka. "Nani atajua? Hata jina hatufanani."

Kweli hatufanani. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake siku anapozaliwa, wala halifuati la baba. Kwa watu wa mradi, ambao wengi wametoka mikoa ambako mtoto hubeba jina la baba yake, mimi na wewe tulikuwa majina mawili tu yaliyokutana kwenye orodha. Nikakuandika. Nilijiambia ni kwa sababu ya kisima chako na ule udongo mweusi wa bondeni, na hayo hayakuwa uongo. Lakini Baba, nilikuandika kwa sababu nilitaka upate ile mipira ya maji kabla mgongo wako haujakataa kuinama.

Nilikupa sharti moja. Mbele ya watu wa mradi, mimi si mwanao. Ulilikubali huku ukicheka, na mimi nikacheka. Sikujua kwamba wewe utalishika vizuri kuliko mimi nilivyotaka.

Unakumbuka tulivyolipima shamba? Ulishika kamba upande mmoja, mimi upande wa pili, tukaligawa katikati. Nusu tuliiwekea mipira, maji yakitoka kwenye pipa ulilolipandisha juu ya magogo na kudondoka tone moja moja kwenye kila shina. Nusu ya pili tuliiachia mvua peke yake, ili mwishoni tuone mipira imeleta tofauti gani. Nilikwambia mara mbili kwamba nusu ya mvua isiguswe hata kwa kikombe. Uliitikia kwa kichwa. Ukauliza, "Na mvua ikikatika?" Nikakujibu kama kitabu: hapo ndipo tutajifunza. Ukasema, "Haya."

Halafu ukaenda ndani ukaleta kibuyu cha Mama. Yale maharage yake ya rangi saba, mekundu, ya njano, yenye madoa, meupe yenye jicho jeusi, ambayo na yeye alipewa na mama yake. Nilipoolewa yalipaswa kuondoka na mimi. Nikamwambia Mama nitarudi kuyachukua. Mama akafa akiningoja niyafuate, na miaka ikapita mimi nikinunua maharage sokoni Biharamulo. Ukabaki wewe, mwanaume, unayachagua na kuyachanganya na majivu kila msimu, huku wanawake wa kisimani wakikuuliza umeolewa na nani. Ukiwa na mimi ulikuwa unasema tu, "Bibi shamba hana shamba." Nilicheka kila mara. Sasa sicheki.

Ulipanda karibu kibuyu chote, nusu huku na nusu kule. Ukabakiza kidogo chini.

Mvua ilikatika mapema, maharage yakiwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Mimi nilikuwa Runazi, nikishinda na daftari na kile kipima unyevu cha kuchomeka ardhini, najiona mtu muhimu. Nilikupigia kukuarifu kwamba Daktari, mkuu wetu wa mradi, atakuja Alhamisi na wageni kuangalia mashamba. Ukasema, "Waje. Nina neno la kuwaambia." Sikuuliza neno gani. Nilidhani ni maneno ya kuwakaribisha, maana wageni ulikuwa unawapenda.

Tulipofika, nusu ya mvua ilikuwa ya kijani.

Daktari alichuchumaa, akachomeka kipima unyevu, akasoma, akachomeka pengine. Kisha akaniangalia mimi, si wewe. "Konsolata, hii ni nini?" Nikuambie ukweli ambao sijamwambia hata padri: sikukasirika kwa sababu ya utafiti. Niliogopa. Niliona akianza kukuhoji, atauliza umepatikanaje, nani alikuandika, na mwisho wa maswali nitakuwa nimesimama mimi. Kwa hiyo nikawahi kukurukia kabla yake.

"Mzee, umetudanganya," nilisema. "Ulikatazwa kumwagilia hapa. Umeharibu kazi ya watu wengi. Kuanzia leo usiiguse tena hii nusu."

Ulikuwa umevaa koti lako jeusi la misa, katika jua lile. Ukaingiza mkono kwenye mfuko wa koti. "Bibi shamba, nilitaka nikue..."

"Imetosha, mzee."

Mkono ukabaki mfukoni. Nilifikiri unatafuta leso. Ulinitazama kwa muda ambao mtu mwingine asingeutambua, mimi niliutambua, kisha ukainamisha kichwa ukawaambia wageni, "Samahani, wakubwa. Ni makosa yangu." Baba yangu mzazi akaomba radhi kwa wageni kwenye shamba lake mwenyewe, ili mimi niendelee kuwa na kazi. Nami nikaandika kwenye daftari: mkulima amekiri.

Wiki iliyofuata gari lilikuja kung'oa mipira. Fomu ya kuiondoa niliisaini mimi. Wifi ameniambia kwamba uliwasaidia kuikunja, ukaiosha tope kwanza, ukisema isije ikaziba huko iendako. Akaniambia pia kwamba Deusi alitaka kuendelea kulimwagilia shamba lile kwa ndoo, wewe ukamkataza. "Bibi shamba amesema lisiguswe." Wifi anasema hukulisema kwa hasira. Afadhali ungelisema kwa hasira. Maharage ya Mama yakakaukia pale, nusu zote mbili, na wewe unayaona ukiwa mlangoni.

Maharage machanga uliyowahi kuyachuma ulinitumia kwa basi, yakiwa kwenye kile kimfuko cha kitenge cha Mama. Kondakta alinipigia nikayafuate stendi. Unajua nilifanya nini? Nilikuwa bado nimevimba. Nilimpa jirani mfuko mzima na kumwambia mimi maharage mabichi yananichafua tumbo. Akayapika na vitunguu, akaniletea bakuli, nikakataa kuonja. Huo ndio ulikuwa mkono wako wa mwisho kwangu, Baba, na niliurudisha.

Deusi aliponiambia kifua kimekubana, nilisema nitakuja mwisho wa mwezi, kuna taarifa namalizia. Hukungoja mwisho wa mwezi.

Hata kwenye msiba nilikukana. Nilipoomba ruhusa, Daktari alinipa pole ya kweli, ni mtu mwema, akauliza, "Ngara sehemu gani?" Nikataja kijiji kingine. Wenzangu ofisini walikuombea kwa jina la kijiji ambako hukuwahi kuishi.

Siku ya pili baada ya mazishi, Wifi alinishika mkono akanipeleka jikoni. Akatoa chupa ya maji ya plastiki, imejaa punje za maharage zilizopakwa majivu, mfuniko umefungwa kwa uzi. "Baba alisema hii apewe bibi shamba." Nikafikiri umeniachia mbegu basi, kunikumbusha uvivu wangu. Nikashukuru. Wifi akanitazama kwa mshangao. "Hakukwambia? Hizo ni makopo."

Ndipo aliponieleza. Mvua ilipokatika ulivumilia siku chache, ukawa unakwenda kulitazama shamba na kurudi. Kisha asubuhi moja ukachukua kopo la rangi, ukateka kisimani, ukamwagilia mistari minane ya ile nusu, kopo moja kila mstari, taratibu, kwenye mashina tu. Kwa kila kopo ulitoa punje moja kwenye kibuyu ukaitia kwenye chupa. Ulifanya hivyo kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Wifi alikuuliza, si umekatazwa? Ukamjibu: "Nimekatazwa, ndiyo maana nahesabu. Siwezi kuyaacha ya mama yao yafe na kisima kimejaa. Lakini mtoto lazima ajue ni maji kiasi gani, kazi yake isiharibike."

Nikauliza, na siku ya wageni chupa ilikuwa wapi? Wifi akasema, "Si ilikuwa kwenye koti?"

Nilikaa chini pale pale, kwenye majivu ya jiko, na nguo zangu nyeusi. Wifi aliniacha nilie mpaka nikamaliza.

Punje nimezihesabu mara mbili, Wifi na Deusi wakiwepo. Ni mia mbili kumi na sita. Makopo manane, siku ishirini na saba. Kopo nimelipima kwa chupa ya lita, linaingia nne bila kumwagika. Kwa hiyo, Baba, najua maji yote uliyoipa ile nusu ya mvua. Katika mashamba yote ya mradi hakuna mtu aliyetuwekea hesabu safi kama yako, hata mimi niliyelipwa kuiweka. Mbegu nyingine zote zilizobaki kwenye kibuyu tumezikuta zimetobolewa na wadudu. Zilizopona ni hizi ulizohesabia.

Ningekuwa na bahati, habari ingeishia hapo, iwe aibu yangu na yako tu. Haikuishia.

Niliporudi kazini, Mama Jeni wa Runazi alikuja kunipa pole. Unamkumbuka kwa maneno yangu, yule mkulima wetu hodari, ambaye nusu yake ya mvua ilikuwa imenyauka vizuri kabisa wageni walipopita. Alikaa, akanywa chai, akaona chupa juu ya kabati. Nikamwambia ni hesabu ya maji ya mzee mmoja wa Bugarama. Sikumwambia ni nani. Akacheka hadi chai ikamwagika.

"Maskini, yeye alihesabu? Sisi sote tulimwagilia, mwanangu. Ungeacha maharage yafe na kisima kiko hapo? Tukisikia wageni wanakuja, tunaacha siku nne, wakiondoka tunaendelea. Tulijua mnapenda kuyakuta majani yamelala."

Nikauliza sote ni nani. Akataja nyumba moja moja, Runazi hadi Nyabusozi. Kisha akaona uso wangu, akaweka kikombe chini na kuniomba nisimtaje jina.

Unaelewa maana yake? Ulijua siku ya wageni. Niliipeleka kwako kwa mdomo wangu. Ungeacha siku nne kama wenzako, shamba likanyauka, ungepigiwa makofi na mipira ungebaki nayo. Wewe peke yako uliyaacha ya kijani, ukavaa koti la misa, ukangoja kusema ukweli. Na mimi ndiye niliyekuita mwongo.

Sasa taarifa ya mradi imekamilika. Inasema maharage yaliyoachiwa mvua peke yake yalizaa karibu sawa na ya mipira, hivyo vijiji vyetu havina haja kubwa ya mipira. Mvua inatosha! Wakati kila shina lililozaa kule lilinyweshwa kwa ndoo na kopo, kwa migongo ya watu kama wewe, asubuhi baada ya asubuhi. Ijumaa Daktari ataisoma mbele ya watu wanaoamua mradi uende wapi. Wakimwamini, na watamwamini kwa sababu ni mkweli na hajui, mipira haitakuja Runazi wala Nyabusozi, na Bugarama ndiyo kabisa. Watu wataendelea kubeba ndoo, na sisi tutakuwa tumeandika kwamba hawakuzibeba.

Shamba lako halimo kwenye hesabu hizo. Lina mstari mmoja tu, ukurasa wa nyuma: "Shamba la Bugarama limeondolewa kwa sababu ya udanganyifu wa mkulima." Maneno hayo hakuna aliyenitajia. Niliyachapa mwenyewe, na nakumbuka nilitafuta kwanza neno lililo kali zaidi, ili asiwepo wa kunishuku.

Nimelala na jambo hili wiki nzima na kuamka nalo, na jana nimekuja nalo huku pamoja na chupa. Kuna sauti inayoniambia Mama Jeni ameomba nisimtaje, mzee amekufa, taarifa imekwisha, mkataba wangu unakaribia kuongezwa, nyamaza. Naijua hiyo sauti. Ndiyo iliyokuwa inasema na wewe siku ile shambani, kwa mdomo wangu.

Kwa hiyo nakuahidi, Baba, na ningependa ungekuwepo unidai. Kesho asubuhi nachukua basi la kwanza kwenda Biharamulo. Naenda moja kwa moja kwa Daktari, kabla sijaweka mkoba chini. Sitamtaja Mama Jeni wala jirani zake. Nitakutaja wewe na nitajitaja mimi. Nitaweka chupa mezani na kumwambia: huyu mzee niliyemwita mwongo ni baba yangu, nilimficha, na hii hapa ni hesabu yake ya maji. Anza nayo, kisha uwaulize wakulima wengine tena, safari hii bila wageni na bila mimi. Akinifukuza, atakuwa na haki. Nitarudi hapa nilime, maana shamba lipo na mimi ndiye bibi shamba asiye nalo.

Punje nitaziomba nirudi nazo, mvua ikianza nizipande. Zinatosha mistari minane, ishirini na saba kila mstari, nimeshapiga hesabu. Mvua ikikatika nitateka kisimani kwa kopo lile lile, na Wifi ameahidi kunisimamia nisikose kuhesabu.

Amemaliza ndizi zake. Ameniuliza kama namwandikia Baba, nimemwambia ndiyo. Akasema nikusalimie, na nikuambie koti amelifua, amelitundika mahali pake, mfuko mmoja una majivu ambayo hayatoki.

Lala salama, Baba. Siku nitakayoweza, nitawaleta hapa Daktari na kila mgeni wa siku ile atakayekubali kuja. Nitawapitisha kwenye mistari minane, kisha nitawaleta hadi kwenye migomba ulipolala. Nitasimama mbele yao wote, nitavua viatu, nitakupa shikamoo kwa sauti, na nitawaambia ulikuwa nani wangu.

Mwanao,
Konsolata